Waambaaji Wawili

Mume na mke wanahamia kwenye chombo cha tanga, wanafuata pwani ghuba kwa ghuba, leo hapa kesho kule. Wanafanya nini? Jibu la haraka ni "kruzi", neno lililotufikia na meli za ghorofa zinazomwaga watalii bandarini. Ugeni wake haunisumbui. Nahodha, nanga na bandari nayo yalikuja na wageni. Kinachonisumbua ni kwamba tunalo "kuambaa": kupita ubavuni mwa kitu bila kukigusa. Aambaaye pwani huiona minazi, husikia mawimbi yakivunjika mwambani, na chini ya chombo bado ana maji ya kutosha.

Kitenzi hicho ndicho kilichotuzalia "mwambao". Hebu yapime majina haya mawili. "Pwani" limetokana na kupwa kwa maji, nalo ni jina la mtu aliyesimama mchangani. "Mwambao" ni jina la mtu aliye chomboni. Basi kazi ya hawa wawili na iitwe uambaaji, na wao wawe waambaaji.

Chombo chenyewe? "Boti ya anasa" nimeisoma mara nyingi na kila mara hunichekesha. Lin na Larry Pardey, wanandoa walioizunguka dunia kwa tanga, walishusha Seraffyn majini mwaka 1968: mita saba na ushei, bila injini. Anasa iko wapi hapo? "Yoti" limeshazoeleka, na liendelee kwa vyombo vya mashindano na vya matajiri. Kwa wanaolala, kupika na kufua humo humo, mimi nasema "mashua ya makazi".

Kisha lipo hili la "pwani ya mbali", wanakofika waambaaji. Mbali na nani? Mvuvi wa kisiwa cha Songosongo hayuko mbali na kwake. Penye magofu na watu waliohama, kama mji wa kale wa Songo Mnara, tunalo "mahame". Penye watu lakini pasipo gati, mafuta wala fundi, "pwani ya kando" inatosha.

Hazina yenyewe imo kwenye pande za chombo. Kushoto na kulia ni lugha ya barabarani. Chomboni kuna upande wa joshi, upepo unakotoka, na upande wa demani, unakokwenda. Upepo ukigeuka, au chombo kikigeuka, majina nayo yanahama. Demani pia ni kamba ya kulegeza na kukaza tanga, na pia ni msimu wa mwishoni mwa kusi. Ukisema "shika demani" mwezi wa Septemba, sentensi yako inabeba mzigo mkubwa. Wafasiri wanaoandika "upande usio na upepo" wanaeleza tu kitu chenye jina lake.

Kwenda joshi ndiyo kazi ngumu. Wahenga walisema dau la mnyonge haliendi joshi, na likienda joshi ni Mungu kupenda. Akina Pardey hao hao, wakiwa na chombo chao cha pili, Taleisin, nacho bila injini, waliizunguka rasi ya Cape Horn mwaka 2002 kutoka mashariki kwenda magharibi, kwenye bahari ambayo upepo wake mkuu hutoka magharibi. Njia ya kufanya hivyo ni kubisha: kukata upepo mshazari, huku kisha kule. Tafadhali tusiandike "kwenda zigizaga". Kubisha hodi, kubisha hoja, kubisha upepo. Na wanandoa wawili kwenye chombo kidogo, bila shaka, watabishana pia.

Hapo "nahodha" linatutia mashakani. Kwa Kiajemi asili ni bwana wa chombo, na methali yetu inaonya kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. "Nahodha na mkewe" silitaki: linamgeuza abiria mtu anayeshika kana usiku kucha mwenzake akilala. "Nahodha mwenza" lina harufu ya ofisi. Jawabu naliona katika "zamu". Aliye zamu ndiye nahodha. Zamu ikibadilika, unahodha unabadilika. Mwite "mwenye zamu", na methali imetiiwa.

Kifaa kinachotumia upepo kuongoza chombo wote wawili wakiwa wamelala nakipendekezea "kishikamajira", maana mabaharia husema kushika majira kwa kufuata njia iliyopangwa. "Usukani wa otomatiki" tuwaachie wenye magari.

Na maji yakikimbia, chombo kikabaki kimelala ubavu juu ya fungu? Kwenye pwani ya kusini mwa Tanzania, ambako maji ya bamvua hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, hilo si ajabu. Wengi wataandika "kimekwama". Lori hukwama. Chombo hupwelewa, yaani kimepatwa na kupwa, na kitenzi chenyewe kinakutajia kilichosababisha na kitakachokutoa. Wawili hao wasukume cha nini? Wakae wanywe chai, maji yajae.