Atomu Iliyokadiriwa Kuishi Miaka 10

Historia ninayoipenda ni ya namba zilizobadilika. Moja ya hizo inahusu atomu moja tu.

Mwaka 1997, wanafizikia wa NPL, maabara ya taifa ya vipimo ya Uingereza pale Teddington, waliona jambo ambalo karibu halitokei. Ni hapo hapo Louis Essen na Jack Parry waliwasha saa yao ya atomu za siziamu mwaka 1955. Safari hii walikuwa na ayoni moja ya iterbiamu, yaani atomu iliyonyang'anywa elektroni moja, ikiwa imenaswa kwa umeme ndani ya chombo kilichonyonywa hewa. Waliimulika kwa leza ya buluu hadi elektroni yake ikapanda ngazi ya juu. Sasa, itakaa huko muda gani kabla ya kushuka yenyewe? Wakakadiria kama miaka 10.

Hebu fikiria. Ngazi nyingi za atomu huiachia elektroni ishuke ndani ya nanosekunde chache. Na kwa saa, uvivu huo ni mali. Mdundo mfupi wa ngoma ni vigumu kujua ni noti gani. Filimbi ikivutwa kwa muda mrefu unaishika vizuri. Kadiri elektroni inavyokawia kushuka, ndivyo inavyochagua masafa ya leza kwa ukali zaidi. Na saa ni kuhesabu masafa hayo.

Lakini walijuaje bila kungoja? Huwezi kungoja. Molekuli chache za gesi hubaki kwenye chombo, na zikiigonga ayoni, elektroni hushuka kwa sababu nyingine kabisa. Walitegemea kanuni ya Einstein ya 1916: ngazi iliyo ngumu kupanda kwa mwanga ni ngumu pia kushuka. Pima inavyopanda, utajua itakavyoshuka. Shida ni kwamba lazima ujue ni mwanga kiasi gani hasa umeifikia atomu. Majibu yaliyofuata, ya maabara na ya nadharia, hayakukubaliana.

Mwaka 2021, kikundi cha PTB kule Braunschweig, Ujerumani, kikaja na ujanja. Mwanga unaoipandisha elektroni pia husogeza kidogo masafa inayoyakubali. Wakapima yote mawili kwa pamoja, atomu yenyewe ikawa kipima mwanga. Jibu: miaka 1.58, zaidi au pungufu ya 0.08.

Ati saa za iterbiamu zilikuwa zinadanganya? La. Saa huhesabu masafa, si umri. Waliohitaji namba hiyo ni wanaopiga hesabu za ayoni hii yenye elektroni 69, kwa sababu hesabu hizo ndizo zinazotumika kutafuta fizikia mpya kwa kutumia saa hizi. Namba mbovu ingewapoteza.

Tangu 1967, sekunde ni mitetemo 9,192,631,770 ya siziamu. Siku itakapofafanuliwa upya, iterbiamu ni mmoja wa wagombea. Angalau umri wa mgombea huyu sasa unajulikana.