Mstari wa Kumi na Tatu

Katika miaka ya 1730, mchapaji mmoja kijana wa mji wa Philadelphia, Benjamin Franklin, alijitengenezea kijitabu cha kuihesabu nafsi yake. Kila ukurasa aliupiga mistari kwa wino mwekundu: safu saba za kusimama, moja kwa kila siku ya wiki, na mistari kumi na mitatu ya kulala, mmoja kwa kila fadhila aliyotamani kuwa nayo, kama vile kiasi, ukimya, mpangilio, bidii na uadilifu. Usiku ulipoingia aliipitia siku yake, na kila alipokuwa ameteleza alitia kitone cheusi katika kisanduku kinachohusika. Kila wiki aliipa fadhila moja ulinzi maalumu. Wiki 13 zilimaliza duru, na mwaka ukaenea duru nne kamili.

Amesimulia mwenyewe, katika kitabu cha maisha yake, kwamba alishangaa kujiona ana makosa mengi kuliko alivyodhani. Kijitabu chenyewe hakikudumu. Kwa kuwa kila duru mpya ilimlazimu kukwangua vitone vya zamani ili apate pahala pa vipya, karatasi ilitoboka matundu. Ikabidi ahamishie majedwali kwenye vibao vya pembe ya ndovu, ambapo alama za penseli ziliweza kufutwa kwa sponji la maji.

Naweka jedwali hili mwanzoni mwa historia ya kitu ambacho leo kina wataalamu na maonyesho yake: michoro ya takwimu ambazo mtu amezikusanya mwenyewe kutokana na siku zake za kawaida. Daftari la hesabu hukupa jumla. Kisanduku na kitone hukupa sura. Franklin hakuhitaji kujumlisha lolote ili ajue kwamba mpangilio ndio uliomshinda kuliko fadhila nyengine. Mstari wenyewe ulikuwa mweusi kushinda iliyobaki, na jicho liliona kabla akili haijauliza. Sisi tunaohesabu mizani kwa vidole tunaielewa tofauti hiyo. Sikio hugundua mshororo uliopungua hata kabla kidole hakijafika mwisho.

Lakini lililo zito zaidi katika kisa hiki aghlabu hurukwa na wasimulizi. Orodha ya Franklin ilianza na fadhila kumi na mbili. Ya kumi na tatu, unyenyekevu, aliiongeza baada ya rafiki yake mmoja wa madhehebu ya Quaker kumwambia kwa upole kwamba watu wanamwona ana kiburi, akampa na mifano. Yaani mtu aliyejichunguza kila usiku kwa wino wa rangi mbili hakuweza kuuona mstari mmoja mpaka alipochorewa na mwengine. Kasoro yenyewe ilikuwa kubwa. Iliyokosekana ilikuwa nafasi ya kuiandikia, kwani kitone hutiwa penye kisanduku tu.

Na kuna mstari ambao hata rafiki huyo hakumchorea. Nyumba ya Franklin ilikuwa na watumwa, na gazeti lake, *Pennsylvania Gazette*, lilichapisha matangazo ya kuuza watu. Mstari wa uadilifu ulikuwepo wakati wote, ukisubiri vitone. Mwaka 1787, akiwa na umri wa miaka 81, alikubali kuwa rais wa chama cha kupigania kukomeshwa utumwa huko Pennsylvania. Ilimchukua nusu karne na zaidi.

Baada ya hapo michoro ilikwenda serikalini. Mwaka 1786 William Playfair alichapisha London chati zake za biashara ya Uingereza, na mwaka 1858 Florence Nightingale akaonyesha kwa mchoro wa duara namna maradhi yalivyowaua askari wa Vita vya Crimea kuliko silaha. Hizo ni kazi kubwa, ila zinahusu dola na majeshi, nami nawafuata waliohesabu yaliyo ndani ya kuta zao.

Miongoni mwao hakuna aliyehesabu kwa uchu kama Thomas Jefferson. Siku ya tarehe 4 Julai 1776, siku ya Tangazo la Uhuru, aliandika vipimo vya joto vya asubuhi mpaka usiku. Alipokuwa rais, baina ya 1801 na 1809, alifuatilia soko la mboga la Washington kwa miaka minane, akatengeneza jedwali linaloonyesha kila zao huonekana sokoni mara ya kwanza lini na mara ya mwisho lini. Ni jedwali la kupendeza, nakiri. Mwaka mzima wa chakula cha mji umelazwa juu ya ukurasa mmoja, na mtu akilitazama anaweza kuonja majira.

Mkono huohuo uliandika kitabu chengine, kile kiitwacho *Farm Book*, alichokianza mwaka 1774. Humo mmepangwa kwa safu nadhifu majina ya watu aliowamiliki, miaka yao ya kuzaliwa, mahali walipokaa, mablanketi na vitambaa waliyogaiwa. Katika uhai wake alimiliki watu zaidi ya 600. Mmoja wao ni Sally Hemings. Majina ya watoto wake yamo, na miaka yao ya kuzaliwa imo; jina la baba yao halimo. Mwaka 1998 uchunguzi wa vinasaba ulioanisha kizazi cha mmoja wa watoto hao, Eston, na ukoo wa kiume wa Jefferson, na mwaka 2000 taasisi inayoyatunza makazi yake ya Monticello ilitangaza kwamba yaelekea sana yeye ndiye baba. Bwana huyu alijua mbaazi za kwanza zilifika sokoni siku gani. Habari iliyokuwa karibu naye kuliko zote hakuipa safu.

Sisi wa visiwa hivi hatuhitaji kufafanuliwa hesabu za namna hiyo. Forodha ya Unguja ilihesabu watu kwa vichwa ili watozwe ushuru, na hali ikawa hivyo mpaka soko la watumwa lilipofungwa mwaka 1873. Karani alikuwa na safu ya idadi. Hakuwa na safu ya jina la mama.

Ndiyo maana nilipoanza kusoma habari za Nicholas Felton, msanifu wa New York, nilivutiwa khasa na ripoti yake moja. Kuanzia mwaka 2005 mpaka 2014 Felton alichapisha kila mwaka ripoti juu ya nafsi yake, kwa michoro safi kama ya kampuni kubwa inayowaandikia wenye hisa: alikokwenda, alichokula, alichosikiliza. Ustadi ulikuwepo tangu mwanzo, ila kwa mwaka 2009 alifanya jambo jengine. Aliwaomba watu aliokutana nao wajaze dodoso kuhusu mkutano wao, kisha akauchora mwaka wake kutokana na walichokiona wao. Ripoti iliyofuata ilikuwa ya maisha ya baba yake, aliyefariki mwaka 2010, na ilikusanywa kutokana na kalenda, postikadi na karatasi alizoziacha marehemu. Mwaka 2011 Felton aliingia kampuni ya Facebook, akawa mmoja wa waliosanifu ukurasa uitwao Timeline, na mamilioni ya watu wakapata ripoti za maisha yao bila ya kupiga mstari hata mmoja. Ripoti yake ya mwisho, ya 2014, ilitegemea programu na vifaa vilivyohesabu vyenyewe.

Mwaka huohuo wa 2014, mwezi Septemba, wanawake wawili walianza kuhesabu kwa mkono. Giorgia Lupi, Mtaliana, alikuwa amehamia New York. Stefanie Posavec, Mmarekani, alikuwa amehamia London. Walikuwa wameonana ana kwa ana mara mbili tu. Wakakubaliana wachague jambo moja kila wiki, kila mmoja alihesabu upande wake, kisha amchoree mwenzake postikadi: mchoro mbele, na nyuma anwani, stempu na ufunguo wa kuusomea mchoro. Walihesabu mara walizotazama saa, shukrani walizozitoa, malalamiko, vicheko, milango waliyopita. Walikwenda hivyo kwa wiki 52, ambazo ni duru nne za Franklin barabara. Kitabu chao, *Dear Data*, kilitoka mwaka 2016, na mwaka huohuo jumba la makumbusho la MoMA la New York likazichukua kadi zenyewe.

Kadi hizo hupenda kusifiwa kwa rangi zake. Mimi, kwa kazi yangu ya tafsiri, hugeuza nyuma kwanza. Ufunguo ndio unaoonyesha mtu ameamua kuuliza nini, na kila mmoja wao alijua kwamba ng'ambo ya bahari kuna mtu atakayesoma na kulinganisha na wiki yake mwenyewe. Mashine ya mfukoni inayokuhesabia hatua haina msomaji wa namna hiyo, wala haitakwambia una kiburi.

Natamani kuona mtu wa kwetu akijaribu. Tuseme mkaazi wa Malindi anataka kuchora hodi za nyumba yake kwa wiki moja. Kila hodi iwe mstari mmoja wa kusimama, urefu wake kwa kadiri mgeni alivyokaa. Rangi moja kwa jirani, nyengine kwa ndugu, nyengine kwa mwenye shida. Na kijiduara juu kwa aliyekaribishwa chakula. Atajifunza mengi ifikapo Ijumaa. Zitabaki hodi zilizopigwa yeye akiwa hayupo, au akiwepo akanyamaza. Za kwanza itabidi akamwulize jirani. Za pili, kabla ya kuanza, achague rangi yake.