Teria

Teria ni jamii ya mbwa wa kuwinda, wengi wao wenye asili ya Uingereza na Ireland, waliokuzwa kuwatoa mbweha, panya na wanyama wengine mafichoni. Jina lao lina mzizi katika neno la Kilatini terra, yaani ardhi. Wote husifiwa kwa ushupavu na kulaumiwa kwa ukaidi, lakini tabia ya kila aina imefinyangwa na kazi yake.

Kasisi Jack Russell (1795–1883) wa Devon alitaka mbwa wa kumbwekea mbweha shimoni hadi atoke, si wa kumuua, kwani mbweha akifia humo msako umekwisha. Kazi hiyo humtaka mbwa aamue peke yake gizani, mbali na sauti ya bwana wake. Ndiyo maana teria wa Jack Russell wa leo hawatulii, na amri huitii wakipenda.

Teria wa Border, wa mpakani mwa Uingereza na Uskoti, alipaswa kumfuata farasi na kukimbia pamoja na kundi la mbwa wa msako. Mgomvi hakufaa, kwa hiyo huyu ni mpole kuliko teria wengi. Miguu yake ni mirefu kiasi, kifua chembamba: mwamuzi wa maonyesho hukizungushia viganja viwili kupima kama kinapenya shimoni.

Airedale, ambaye dume lake lina kimo cha sentimita 58 hadi 61, haingii shimo lolote. Aliwinda fisimaji kando ya mito ya Yorkshire, na katika Vita Kuu ya Kwanza alipeleka ujumbe jeshini. Hufundishika vizuri, ingawa huchoshwa upesi na zoezi lilelile. Staffordshire Bull ana historia chungu zaidi. Mababu zake walipiganishwa na mbwa wenzao huku watu wakiwashika uwanjani, hivyo hawakupaswa kuwauma watu. Hadi leo huwapenda watu, ila mbwa wageni si wote anaowavumilia.

Aina pekee haitoshi kumtabiri mbwa. Ukoo uliozalishwa kwa maonyesho huweza kupoa, ilhali ndugu zao wa kazini wangali moto. Hata teria wa Yorkshire wa kupakatwa, ambaye mababu zake waliua panya viwandani, humrukia panya akimwona.

Teria wa Tibet hahusiki hapa. Hakuwahi kuwinda shimoni. Jina hilo alibandikwa na Wazungu kwa sababu ya umbo lake.