"Grotesque": Kivumishi Kilichotoka Pangoni

Wahakiki wetu huitafsiri "grotesque" kwa "-a kutisha", na baadhi yao kwa "-a kioja". Tafsiri zote mbili zina walakini, na historia ya neno lenyewe ndiyo inayoufichua.

Mnamo mwaka wa 1480 hivi, mjini Roma, watu walianza kujiteremsha kwa kamba katika mashimo ya kilima wakidhani wanaingia mapangoni. Kumbe yalikuwa mabaki ya kasri la Kaisari Nero, lililojengwa baada ya moto mkuu wa mwaka wa 64 na kufukiwa baadaye. Kutani mlikuwa na michoro ya viumbe wasio watu, wanyama wala mimea: kiwiliwili cha binadamu kikichomoza katika ua, mkia ukiishia kuwa jani. Kwa kuwa pango kwa Kiitaliano ni "grotta", mtindo huo ukaitwa wa pangoni. (Vitruvius, msanifu majengo wa karne ya kwanza kabla ya Kristo, alikuwa amekwisha kuilaani michoro ya aina hiyo kwa hoja kwamba inaonyesha vitu visivyoweza kuwapo. Hoja hiyo twaisikia hata leo.) Mwaka wa 1580 Montaigne alizifananisha insha zake mwenyewe na michoro hiyo, neno likavuka kutoka ukutani hadi fasihini. Waingereza nao walilipokea karne hiyo hiyo ya 16.

Wolfgang Kayser, mwaka wa 1957, alisisitiza hofu. Bakhtin, mwaka wa 1965, akasisitiza kicheko. "-a kutisha" yaelekea kwa Kayser, "-a kioja" kwa Bakhtin. Kinachopotea ni ule mchanganyiko.

Hasara hiyo hudhihirika tusomapo Shetani Msalabani (1982), tafsiri ya Caitaani Mũtharabainĩ (1980) ya Ngũgĩ wa Thiong'o. Wezi hushindania umahiri wao wapi, ila pangoni? Humo Gĩtutu wa Gataangũrũ, mwenye tumbo la ajabu, anatamba kuwa atawauzia maskini udongo na hata hewa. Mwanafunzi aliyeambiwa kwamba hayo ni "ya kutisha" huona haya kucheka. Aliyeambiwa kuwa ni kioja hucheka, asijiulize nani atakayekosa pumzi.

Sisi tunapendekeza "-a umbo mseto". Katika mseto, mchele haujifichi wala choroko hazijifichi; vyote viwili huonekana sahanini.