Kahk, biskuti iliyopanda Mto Nile

Mto Nile unatoka kwetu huku Jinja, unapita Khartoum, unaishia baharini Misri. Kahk yenyewe imekuja kinyume. Ni biskuti ya samli, ndani mna lozi au tende, juu inanyunyiziwa sukari ya unga. Wafatimiya, walioiteka Misri mwaka 969, walikuwa na nyumba maalumu Cairo, Dar al-Fitra, ya kutengenezea vitamu vya Idi. Mpaka leo, Misri na Sudan, wanawake huoka kahk siku za mwisho za Ramadhani.

Vita ilianza Khartoum tarehe 15 Aprili 2023, Ramadhani 24. Yaani siku zilezile za kuoka. Idi ilifika baada ya siku sita, wengi wakiwa wamejifungia ndani au wako njiani wanakimbia.

Sasa hapa Kyebando mama zetu wa Sudan wanaoka tena. Oveni hakuna: sufuria juu ya sigiri, makaa mengine juu ya kifuniko. Lozi ni ghali, wanaweka karanga. Nyie mnaotuandikia unga kwenye fomu, mjue unga mwingine si wa kushiba tu. Ni wa kumalizia Idi iliyokatwa katikati.