Perege wa Wami: samaki wetu aliyezunguka dunia, sasa yuko hatarini nyumbani



Swali ninaloulizwa sana nikipita kwenye mabwawa ya Bunju, Mbagala na Chamazi ni hili: "Afisa, mbona samaki wa kwanza walikua vizuri, hawa wa sasa wanadumaa?" Mara nyingi kosa huwa kwenye chakula, maji au msongamano wa samaki. Lakini ukishakagua hayo yote na bado samaki hawakui, angalia wazazi wao. Leo naacha habari za pumba na dagaa, nieleze historia. Ndani yake kuna jibu la swali hili, na kuna mali yetu ambayo tusipoangalia itatupotea.

Safari ya kutoka Wami

Mto Wami unaingia Bahari ya Hindi kaskazini mwa Bagamoyo, si mbali na sisi. Humo anaishi perege ambaye wataalamu humwita Oreochromis urolepis hornorum. Ndugu zake wako Ruvu na Rufiji. Huyu perege anavumilia maji ya chumvi chumvi na madume yake hukua vizuri. Watu walimpeleka Zanzibar, na katika miaka ya 1950 akavushwa kutoka Zanzibar hadi Malacca, nchini Malaya, kwenye kituo cha utafiti wa ufugaji wa samaki.

Huko mtafiti C. F. Hickling alichukua dume la "Zanzibar" akalipandisha kwa jike wa perege wa Msumbiji. Vifaranga karibu wote wakatoka madume. Alitangaza matokeo hayo mwaka 1960. Kwa mfugaji hiyo ilikuwa habari kubwa, maana bwawa la madume matupu halijai vifaranga, na chakula chote kinaishia kwenye nyama. Mwaka 1966 Ethelwynn Trewavas, mtaalamu wa samaki wa makumbusho ya London, alimpa samaki huyu wa Wami jina lake la kisayansi. Baadaye damu ya Wami ilifika Brazili mwaka 1971, na ikaingia pia katika perege wekundu wa Florida.

Lakini kulikuwa na sharti. Madume matupu yalipatikana pale tu ambapo mbegu za pande zote mbili zilikuwa safi. Vituo vilipochanganya wazazi ovyo, majike yalianza kuonekana tena na faida ikapungua. Ili kuanza upya ilibidi upate mbegu safi, na mbegu safi asili yake ni mto.

Samaki watano wa Java

Huyo perege wa Msumbiji naye ana kisa chake. Mwishoni mwa miaka ya 1930 walionekana samaki 5 tu wa aina hiyo katika kisiwa cha Java, mbali kabisa na Afrika. Hao wakafugwa, wakazaana, na watoto wao wakasambazwa Asia na visiwa vya Pasifiki. Mabwawa mengi yakajaa samaki, lakini samaki wadogo. Sababu moja ni kwamba perege wa Msumbiji huzaa mapema mno. Nyingine ni kwamba ukoo wote ulitoka kwa samaki wanaohesabika kwa vidole vya mkono mmoja, ndugu akizaa na ndugu, kizazi baada ya kizazi.

Watu wa Asia walijifunza. Mwaka 1988, mradi wa kuboresha sato ulipoanza Ufilipino, haukutegemea samaki wa mabwawa ya Asia peke yao. Walikusanya sato wa porini kutoka Misri, Ghana, Kenya na Senegal, wakawachanganya na koo 4 zilizokuwa zikifugwa Asia. Mbegu bora ya leo inayosifiwa duniani ilianzia hapo. Walirudi Afrika kwa sababu uanuwai wa vinasaba ulikuwa bado uko kwenye maji yetu.

Na sisi nyumbani?

Ufugaji wa samaki Tanganyika ulianza kwa majaribio ya perege mwaka 1949, Korogwe na Malya. Tangu wakati huo samaki wamehamishwa kutoka bonde moja kwenda jingine, mara nyingi kwa nia njema kabisa. Kila mmoja alitaka kitoweo kiongezeke.

Tazama Ziwa Victoria. Ngege ndiye aliyekuwa samaki mkuu wa ziwa lile. Nyavu za makila ziliingia mwaka 1905, na kufikia uchunguzi wa Michael Graham wa 1927 na 1928 dalili za kupungua kwake zilikuwa zimeshaonekana. Katika miaka ya 1950 wakaletwa sato na sangara. Wengi hudhani sato ni mwenyeji wa Ziwa Victoria, kumbe ni mgeni. Leo ngege yumo katika orodha ya kimataifa ya samaki walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Waliobaki wamejificha katika maziwa madogo kama Kanyaboli, upande wa Kenya, na hata huko sato amewafuata na kuzaa nao.

Mwaka 2018 watafiti wa TAFIRI na wenzao wa Uingereza walichapisha matokeo ya kuzunguka mabonde ya mito nchini. Walikuta perege wa kigeni, hasa sato, wamesambaa karibu kila walikopita. Shida ya perege ni kwamba machotara wao wanazaa. Mgeni akishaingia mtoni, damu ya mwenyeji huyeyuka polepole, na kwa macho huwezi kuona siku ilipokwisha.

Ufanye nini kwenye bwawa lako

Hesabu wazazi wako. Ukiwa na madume 2 na majike 50, usijidanganye kwamba una wazazi 52. Zidisha madume kwa majike, zidisha kwa 4, kisha gawa kwa jumla yao: 4 × 2 × 50 ÷ 52, unapata kama 8. Kwa hesabu hiyo, baada ya vizazi 5 umepoteza zaidi ya robo ya uanuwai wa vinasaba. Madume 25 na majike 25 yanakupa 50 kamili, na hasara kwa muda huohuo ni kama asilimia 5. Perege huweza kuzaa akiwa na miezi michache tu, kwa hiyo vizazi 5 si muda mrefu.

Usichague wazazi kutoka kundi la mama mmoja kwa sababu tu ni wakubwa. Mimi mwenyewe niliwahi kushauri hivyo, nikaona matokeo yake. Chukua wazazi kutoka makundi mbalimbali, na andika kwenye daftari walikotoka na lini.

Usichanganye sato na perege wa kienyeji katika bwawa moja la uzazi. Ukinunua vifaranga, muulize muuzaji wazazi wametoka wapi.

La mwisho ndilo kubwa. Usimwage samaki wa bwawa katika Mto Mpiji, Kizinga, Mzinga au Ruvu, hata kama wamekushinda kulisha. Weka wavu kwenye bomba la kutolea maji, na inua kingo kabla ya masika, maana mafuriko hayaombi ruhusa. Ukifunga ufugaji, wavue wote uwauze au uwale.

Mfugaji akikosea mbegu, anaweza kununua nyingine mwakani. Mto Wami hauna duka la kununulia perege wake. Asia walipoishiwa walikuja kwetu. Sisi tukiishiwa, hatuna pa kwenda.