silika²
nm [i-/zi-] Kampaundi yenye atomi moja ya silikoni kwa kila atomi mbili za oksijeni (SiO₂). Ndiyo sehemu kuu ya kioo na ya mchanga mwingi.

Matumizi: Isichanganywe na silika¹, 'hulka ya kuzaliwa nayo', wala na silikoni. Silikoni nayo ina maana mbili: elementi, na polima laini mfano wa mpira. Katika vifaa vya tiba tofauti hizi ni za lazima. Nanokompositi ya silika ni polima iliyotiwa chembe za silika zisizozidi nanomita 100. Nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Chembe hizo huimarisha resini ya kuzibia meno, na huufanya mpira wa silikoni wa katheta usichanike upesi. Mfasiri akiziita zote "silikoni", msomaji hatajua kipi ni mpira na kipi ni kiimarishi chake. Polima iandikwe 'mpira wa silikoni'.

Mfano: Mpira wa silikoni wa katheta hii umeimarishwa kwa silika.

Linganisha: silikoni, kioo, hulka.